Puto Juu ya Uzaramo

Siku ya mwisho ya Januari, mwaka 1863, mchapishaji Hetzel wa Paris alitoa kitabu cha Jules Verne, mtu ambaye wakati ule hakujulikana ila kwa watu wachache, na kitabu hicho, kisimuliacho safari ya wiki tano ndani ya puto kutoka mashariki ya Afrika hata magharibi yake, kikamtia katika hesabu ya baba wa bunilizi ya kisayansi, maana katika jambo hili, kama katika kila jambo lenye fahari, baba hawakosekani. Wamtukuzao Verne aghalabu huikumbuka nyambizi yake na ile safari ya mwezini, na ni wachache wakumbukao kwamba puto lake la kwanza lilipaa kutoka kisiwa kidogo karibu na Unguja, likauvuka mkondo wa bahari, likaiacha Kaole chini yake, na kwamba baada ya kuipita Mrima nchi iliyofuata ilikuwa Uzaramo. Daktari Samuel Fergusson, pamoja na Dick Kennedy aliyekuwa mwindaji na Joe mtumishi wa daktari, waliitazama nchi hiyo kutoka juu, wakipika kahawa yao na kuzungumza, hata jioni ilipofika wakawa karibu na mlima wa Duthumi. Soga, kijiji cha stesheni baina ya Pugu na mto wa Ruvu, mahali ambapo Kibaha na Kisarawe hukaribiana, kimo ndani ya Uzaramo huo huo. Kwa hiyo watu wake wanayo haki, bila ya kuona haya, ya kudai kwamba aina hii ya hadithi ilipita juu ya minazi na mikorosho yao siku ilipozaliwa.

Lakini ilipita juu, na hiyo ndiyo taabu yake. Verne hakupata kuikanyaga pwani yetu. Aliyoyajua juu ya Uzaramo aliyatwaa katika maandiko ya wasafiri, hasa Richard Burton, ambaye pamoja na mwenzake Speke alishika njia ya bara kutoka Kaole mwaka 1857, na ambaye hakuwa mtu wa kuwasifu wenyeji aliowakuta njiani. Fergusson anapoufikia Uzaramo, jambo analowakumbusha wenzake ni kifo cha Maizan, Mfaransa aliyeuawa huko mwaka 1845, kana kwamba nchi nzima haikuwa na habari nyingine ya kusimuliwa. Huko Unguja watu wanataka kuliharibu puto kwa kudhani kwamba linakwenda kulidhuru jua na mwezi. Na huko Kazeh, ambako leo ni Tabora, wanalidhania puto kuwa ndilo mwezi na wasafiri kuwa wana wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na kuwaumbua. Ni sura ya kuchekesha, nami sikatai kwamba nilipoisikia ikisomwa nilicheka. Hata hivyo msikilizaji aliyelelewa chini ya anga hiyo hana budi kuuliza kwa nini watu wote walio ardhini katika kitabu hicho hupewa kazi ya kushangaa tu, wala hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kusimulia.

Kwani habari za ajabu hazikuhitaji kuletwa Uzaramo kwa puto. Miaka arobaini na miwili baada ya kitabu cha Verne, yaani mwaka 1905, ilienea katika nchi hiyo habari ya Kolelo, mzimu mkubwa wa milima ya Uluguru uliosemwa kuwa ni nyoka, ambaye watu walizoea kumwendea kwa haja za mvua na shamba. Mmisionari wa Kijerumani, Martin Klamroth, aliyekaa Maneromango katika Kisarawe, aliyaandika maneno hayo baadaye, na kwa sababu yake tumeyapata. Kolelo, ilisemwa, amekataza watu wasilipe tena kodi kwa wageni weupe. Katikati ya mwezi wa Julai itakuja gharika itakayowaangamiza wao na wafuasi wao. Kisha ikasemwa kwamba ardhi itapasuka na kuwameza, kwamba bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi, na kwamba watatokea simba saba wa kuwamaliza maadui, wala watu wasiogope, maana Kolelo atawahurumia watoto wake. Siwezi kuyaita maneno haya bunilizi bila ya kuwadhulumu walioyasadiki, na wengi waliosadiki maneno ya namna hiyo walikufa katika vita vya Maji Maji vya kuupinga utawala wa Wajerumani. Nasema juu ya umbo lake tu: kuna siku iliyotajwa, kuna silaha ya adui iliyogeuzwa tabia yake, kuna ardhi ivunjayo kanuni zake, na kuna ulimwengu wa baadaye ulio tofauti na huu. Mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alikwisha kuandika habari za watu wa Mirihi kuishambulia Uingereza miaka saba tu kabla ya hapo, na wala hakutumia viungo vingi kuliko hivyo.

Hasara tuliyo nayo ni kwamba Klamroth aliandika maneno, na sauti hakuweza kuiandika. Habari ile ilikwenda kijiji kwa kijiji kwa mdomo, na bila shaka kila aliyeichukua aliisema kwa namna yake. Lakini kwamba ilifika mbali kiasi kile, na kuwatikisa watu kiasi kile, ni dalili kuwa walioisema walikuwa wanajua namna ya kusema. Na tazama jinsi mwaka ulivyo mmoja: mwezi wa Februari 1905 ndipo Wajerumani walipoanza pale Dar es Salaam ujenzi wa reli ya kati, na Desemba 1907 njia ikawa imekwisha kufika Morogoro. Mvuke, moshi na chuma vikapita katika vichaka vya Soga wakati ambapo vidonda vya vita vilikuwa bado vibichi.

Nako kusema huko kulikuwa na utaratibu wake. Jioni, pale moto ulipowashwa na watoto wakakusanyika, msimulizi hakuanza mpaka amepokea idhini. Alisema hadithi, nao wakajibu hadithi njoo, na sharti hilo la kujibizana lilikuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa na wale waliolifanya leo kuwa pambo la vitabu vya shule, kwa sababu msikilizaji aliyejibu alikuwa ameahidi kusadiki kwa muda, na msimulizi naye alikuwa ameahidi kumrudisha salama. Yaliyosimuliwa hayakuwa ya sungura na fisi peke yake. Katika pwani yote zilizagaa hekaya za Alfu Lela Ulela, na humo yumo yule farasi wa mpingo aliyetengenezwa na mwenye hekima, ambaye ukizungusha kigingi kimoja hupaa, na usipokijua kigingi cha kushukia utakufa angani. Mwana wa mfalme alipanda bila ya kuuliza, akakitafuta kigingi hicho cha pili huku nchi ikizidi kuwa ndogo chini ya miguu yake. Hiyo ni mashine kamili, ina namna yake ya kuendeshwa na hatari itokanayo na ujinga wa mwendeshaji, tena ilikuwapo karne nyingi kabla ya puto la Fergusson.

Vitabu vya kuchapwa vilifuata, kwa uchache na kwa taratibu. Frederick Johnson alitafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929 na Safari za Gulliver mwaka 1932, na vitabu hivyo vikaingia katika shule, Minaki ya Kisarawe ikiwa mojawapo ya zile zilizosifika. Nakala zilikuwa chache na wajuao kusoma hawakuwa wengi, kwa hiyo kitabu kimoja aghalabu kilikuwa na msomaji mmoja na wasikilizaji kadha wa kadha. Hata tenzi, ambazo zina historia ndefu kuliko riwaya, ziliandikwa kwa kusudi la kuimbwa mbele ya watu. Gulliver anayefungwa kwa nyuzi na watu wa urefu wa inchi sita alifika katika masikio ya wengi ambao hawakupata kuiona sura ya ukurasa wake.

Katika mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, na hapo nataka kukaa kidogo. Nchi ya Kusadikika imo angani, haikushikamana na ardhi, nayo imewatuma wajumbe sita kwenda pande sita, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, nao waliporudi na habari za maendeleo waliyoyaona walitiwa gerezani badala ya kushukuriwa. Wanaofundisha kitabu hiki hukifanya fumbo la utawala wa kikoloni, na hawakosei. Ila kwa kulishughulikia fumbo wameisahau nchi yenyewe inayoelea, na wamesahau kwamba sehemu kubwa ya kitabu ni sauti ya mtu mmoja. Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, anasimama mbele ya mfalme na baraza, na siku baada ya siku anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe wale. Kichwa chake kimo hatarini. Akipayuka ataonekana mhalifu, akinong'ona hatasikika, na akiipamba habari kupita kiasi Majivuno, mshitaki wake, atapata la kusema. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kilichoandikwa kwa namna ya kumfaa msomaji wa sauti kuliko hiki, maana mwandishi amekwisha kumpa msomaji wake nafasi ya kusimama, hadhira, muda na hofu.

Mwaka huo huo wa 1951 matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam. Chombo kilikuwa ghali na watu wakasikiliza kwa jirani au dukani. Na baada ya uhuru, redio ndogo za betri zilipoenea, sauti ikaingia katika nyumba za udongo ambamo kitabu hakikuingia. Redio Tanzania ikawa na kipindi cha Mama na Mwana, na kwa watu wa rika fulani jina la Debora Mwenda, msimulizi wake, bado lina uwezo wa kuwanyamazisha mezani. Mama yule hakuwa na ngoma za kutisha nyuma yake. Alikuwa na sauti ya mtu mzima azungumzaye na mtoto bila ya kumdharau, akawapitisha watoto wa nchi nzima katika misitu ya majini na majumba ya wafalme, na kila mtoto akaamini kwamba anasimuliwa yeye peke yake. Serikali nayo ililiona jambo hilo la sikio na kulitumia: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Bunilizi haikuwamo, lakini ulikuwa ni mpango wa kusikiliza ambao sidhani nchi nyingi zimepata kuwa na mfano wake.

Wakati redio zilipokuwa zikienea, anga yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kutukaribia. Wamarekani walijenga Tunguu, katika kisiwa cha Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani vya Mercury, na tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Unguja ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyosemezana naye njiani. Kituo kile kilipingwa na wanasiasa, kikafungwa mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo kilichopewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, nacho kilikuwa cha kwanza duniani kutumwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Kwa hiyo pwani ile ambayo Verne aliijaza washangaaji, katika muda wa miaka tisa tu ilisemezana na mtu aliye angani na ikarusha darubini yenye jina la Kiswahili. Laiti angalikuwapo mwandishi wetu wa kuyatia hayo katika riwaya papo hapo!

Habari ya binadamu kutua mwezini, Julai 1969, ilifika vijijini kwa sauti ile ile iliyotangaza bei ya pamba na safari za viongozi. Wako waliosadiki na wako waliokataa katakata, na mabishano yakadumu miaka. Lakini hata waliokataa walikuwa wamesikiliza mpaka mwisho, kwa sababu msoma habari hakuwasihi waamini. Hapo ndipo siri ilipo, na Orson Welles, mwigizaji wa Marekani, aliijua. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, katika redio ya nchi yake, aliigeuza hadithi ya Wells ya watu wa Mirihi kuwa taarifa ya habari, iliyosomwa na watangazaji wa studioni wasioonyesha haraka wala kiherehere, na baadhi ya wasikilizaji wakafadhaika. Magazeti yaliitia chumvi fadhaa hiyo, yasemwe hayo pia. Ila fadhaa iliyokuwapo, ndogo au kubwa, ilizaliwa na utulivu wa sauti, ilhali mambo yaliyosemwa yalikuwa ya kufisha moyo.

Kisha zikaja kanda za video na vibanda umiza, yale mabanda ya mabati na viti vya benchi ambamo kijana wa Kibaha au wa Mlandizi aliweza kulipa fedha kidogo akaona roboti, vyombo vya angani na wafu wanaofufuka. Filamu zilikuwa za Kiingereza, Kihindi au Kichina, kwa hiyo akatokea mfasiri, na katika wafasiri hao aliyevuma kuliko wote katika Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Waungwana wa fasihi walimdharau. Mimi naona walikosa insafu, maana kazi ile ilikuwa ngumu: kueleza, kutafsiri, kuigiza na kutania, yote katika pumzi moja, huku picha ikikimbia wala haimngoji mtu. Alichofanya mfasiri ni kumrudisha fanani penye jamvi lake, na kumpa ruhusa ya kuongeza, kupunguza na kuwageuza wageni wa angani kuwa majirani. Ila kwa upande wa bunilizi ya kisayansi hasa, njia hii ilikuwa na ila moja kubwa, kwamba mzaha uliimeza ajabu, na mtu alitoka bandani amecheka sana bila ya kukumbuka tena kwamba hadithi ilikuwa ikimuuliza nini.

Leo kinachosikilizwa kimo mfukoni. Garimoshi la umeme lililoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 linao uwezo wa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na baina ya Pugu na Ruvu lina stesheni yake Soga. Humo ndani nusu ya abiria wameziba masikio kwa visikilizio, na wengi wao, ukiwauliza, wanasikiliza simulizi. Habari za sayari, za viumbe wa nje ya dunia, za mashine zitakazomtawala mwanadamu, zinasomwa kwa Kiswahili na vijana wenye vipawa, nami ni msikilizaji wao wa kila siku, kwa hiyo nina haki ya kulalamika. Kwanza ni muziki, ambao huwekwa mzito tangu neno la awali, ukimtangulia msimulizi na kumwambia msikilizaji aogope kabla hajajua anaogopa nini. Pili ni ile sauti ya kutisha itumikayo kwa kila sentensi, hata ile isemayo kwamba mtaalamu fulani alizaliwa katika mji fulani. Mwenye kutia pilipili katika chai asitaraji kuwa mchuzi wake utaonekana mkali. Tatu, mwanamume kubana koo ili awe mwanamke, jambo ambalo Debora Mwenda hakulihitaji alipotaka kuwa mfalme.

Wasomaji wa Ulaya na Marekani nao hawakukamilika. Wana vyumba vizuri, wana pumzi ndefu, na mila ya miaka mingi, maana vitabu vya kusikiliza vilianza kwao katika miaka ya 1930 kwa ajili ya vipofu. Huko Uingereza vya kwanza vilitolewa mwaka 1935 katika santuri, na kimoja chao kilikuwa hadithi ya Agatha Christie. Lakini nilipokisikiliza kile kitabu cha puto kwa Kiingereza, msomaji, ambaye kwa mengine yote alikuwa hodari, aliyatamka majina ya Kaole na Duthumi kana kwamba ni ya milima ya Mirihi. Kwake yeye huenda ni sawa. Kwa msikilizaji wa Soga, hapo hadithi hugeuka ghafla: yaliyo mbali huwa ni puto na watu waliomo, na nchi iliyo chini huwa nyumbani. Kitabu hicho kingefaa kutafsiriwa kwa ukamilifu na kusomwa na mtu wa pwani, asiyefuta hata neno moja la dharau lililomo, ili watu wa Uzaramo wasikie walivyotazamwa.

Rai yangu juu ya usomaji, baada ya kuzisikiliza aina hizi zote, ni kwamba bunilizi ya kisayansi ndiyo isiyostahimili mbwembwe kuliko hadithi zote. Hadithi ya mapenzi au ya ujambazi hubeba mambo tuyajuayo, na msomaji anaweza kuyakoleza. Bunilizi hubeba mambo ambayo hakuna aliyeyaona, na msikilizaji hana cha kushika ila imani yake kwa mtu anayesema. Msomaji akistaajabu, humwacha msikilizaji peke yake. Akiyasoma mambo ya ghaibu kwa taadhima ya mtu asomaye barua iliyotoka kwa ndugu wa mbali, tutamfuata popote.

Na vitabu vya kusomwa tunavyo. Mbali na Kusadikika, yupo Katama Mkangi wa Kenya, aliyetoa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha angani ili apotelee huko, naye anafika katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, akalazimika kujifunza upya maana ya utu. Kitabu hicho kina mashine, kina safari, kina mabishano marefu ya kisiasa ambayo machoni huchosha kidogo na masikioni, yakisomwa na mjuzi, yangechangamka. Mabwana na mabibi wenye vyumba vya kurekodia Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, mnaotuletea kila wiki habari za sayari zilizookotwa katika majarida ya kigeni, tunakuombeni mkisome Walenisi chote, bila ya kukifupisha. Mumweke msomaji mmoja aliyekwisha kukisoma hata mwisho kabla ya kuketi mbele ya kinasa sauti, na wenye haki ya kitabu hicho walipwe.